Nilivyosimamia uchaguzi wa darasa la tano kule juu ya Kikatiti, ukageuka mnada wa kanisani

Wakuu, nawasalimu wote. Wakubwa shikamoo, rika langu vipi, na nyinyi mnaosoma huku mko ofisini mkijifanya mna kazi ya haraka, poleni na majukumu.

Ninachoweka hapa siyo chai ya kutunga. Kimetokea leo, Jumatano, na mimi nilikuwa ndani yake mzima mzima. Jina la kijiji nimelificha na majina ya watu nimeyabadilisha. Siyo hekima, ni kwa sababu bado niko huku na chakula cha jioni hakijaiva.

Twende taratibu.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Shule niliishia form two, na tangu hapo elimu yangu naipata kwa kuuliza maswali yasiyonihusu. Siku za karibuni nilikuwa nimejishikiza Sakina, hapo Arusha, kwa jamaa yangu mwenye gereji. Nilikuwa nalala kwenye kiti cha nyuma cha Noah moja iliyokuwa inasubiri injini kutoka Dar.

Leo asubuhi injini ikafika.

Jamaa hakunifukuza, ana utu. Aligonga tu kioo akasema, "Kaka, nyumba yako inaondoka."

Nikachukua begi, nikasimama kando ya barabara ya Nairobi nikisubiri akili inipe mwelekeo. Akili haikuleta kitu. Ikaja Fuso ya kubeba ndizi, tupu, na dereva wake ni mteja wa gereji.

"Unaenda wapi?" akaniuliza.

"Kwani wewe?"

"Kikatiti."

"Basi na mimi huko huko."

Huo ndio ulikuwa mpango wangu wa maendeleo wa muda mrefu.

Kikatiti dereva akaegesha kusubiri mzigo. Mimi nikala chapati mbili, nikaanza kushangaashangaa. Ndipo nikauona mfereji.

Sasa wakuu, mfereji huu unafuata barabara ya vumbi inayopanda mlimani, na kuna kipande ambacho maji, kwa macho yangu haya, yalikuwa yanapanda. Mtu mwenye akili timamu angesema ni macho tu, aende zake akatafute kazi. Mimi nikaufuata nikajue.

(Kumbe ni barabara ndiyo inayoteremka pale, mfereji uko karibu tambarare. Macho yanadanganyika. Nimewaokolea safari.)

Siri ya maji ikawa imekwisha, lakini miguu ilishazoea. Nikaendelea kupanda, migomba huku na huku, kahawa chini ya migomba, mbwa wananibwekea kwa zamu. Juu kidogo nikafika mahali mfereji unapogawanyika matawi mawili. Tawi moja limejaa maji yanakimbia kwenda kwenye shamba la kabichi. Kabichi nzuri, zimenona, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Tawi la pili limezibwa kwa mashina ya migomba na tope, na ni kavu kabisa. Ndani yake mjusi anaota jua juu ya karatasi ya biskuti.

Mtu wa kawaida hufuata maji. Mimi nikafuata ukavu.

Ukanipeleka mpaka kwenye uzio wa shule ya msingi.

Pale getini palikuwa na madumu ya maji yamepangwa safu ndefu, ya njano, ya bluu, mengine ya mafuta ya kula. Moja lilikuwa limekatika mpini, limefungwa kamba ya katani. Nimesimama nalishangaa, akatoka mwalimu mmoja wa kike, nitamwita Madam Aneth, chaki mkononi, ameninyooshea kidole.

"Kaka, wewe ni wa ukoo gani?"

Wakuu, nimeulizwa mengi barabarani. Kitambulisho, tiketi, akili. Ukoo, hapana.

"Mama wa Singida, baba wa Kondoa, mimi nimekulia Levolosi," nikamjibu. "Huku sina ukoo, Madam."

"Huna hata shemeji hapa kijijini?"

"Hata wa kunidai sina."

Akashusha pumzi kama mtu aliyepata dawa aliyoitafuta maduka yote. "Ingia ndani. Utasimamia uchaguzi."

Kwa mara ya kwanza maishani, kutokuwa na ukoo, kazi wala anwani kukawa sifa ya kuajiriwa.

Tukiwa tunatembea kuelekea darasani akanieleza. Darasa la tano wamekuwa wanasoma mambo ya serikali. Kitongoji, kijiji, kata, nani anachaguliwa, nani anaajiriwa, mwananchi ana haki gani na wajibu gani. Wamekariri vizuri mno. Sasa yeye, kwa ujana wake, akapata wazo la hatari: watoto wafanye kwa vitendo.

Shule ina tangi la saruji. Zamani siku ya Jumatano mfereji wote ulikuwa zamu ya shule. Tangi linajaa, linatosha wiki nzima kwa vyoo, kunawa na bustani. Kiangazi kilipoanza, uongozi wa kijiji ukahamisha zamu "kwa muda". Mnajua "kwa muda" ya uongozi. Tangu hapo kila mtoto anakuja na dumu lake asubuhi.

Leo hii mchana ulikuwepo mkutano mkuu wa kijiji. Mtendaji alikuwa amemruhusu Madam alete mtoto mmoja aseme ombi la shule kwenye mengineyo. Mtoto huyo achaguliwe na wenzake, kwa kura, kama kitabu kinavyosema.

"Tatizo," akasema Madam, "humu darasani wote ni ndugu. Nikimpa mtu wa ukoo huu ahesabu kura, ukoo ule watasema zimeibwa. Mimi mwenyewe nimeolewa ukoo wa mwenyekiti wa kijiji. Nikisimamia, jioni nitaambiwa maneno jikoni."

Tukaingia. Darasa zima likasimama. "Shikamoo mgeeeni!"

Marahaba yangu ikatoka na kikohozi. Sijazoea.

Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza Brian, mjukuu wa mwenyekiti wa kijiji, viatu vinang'aa, amechomekea shati vizuri, tayari ana kitambi kidogo cha uongozi. Wa pili Elineema, msichana mwembamba anayelelewa na bibi yake kule bondeni. Dumu lenye kamba ya katani ni lake. Anatoka mbali kuliko wote, hivyo kwa ajili ya dumu anachelewa, akichelewa anasimamishwa nje na mwalimu wa zamu, na kipindi cha kwanza ni hesabu. Madam aliniambia taratibu kwamba huyu mtoto alikuwa wa kwanza kwa hesabu mwaka jana. Sasa hivi anazisikilizia dirishani.

Nikamwangalia begani. Kamba imeacha mstari.

Karani wa uchaguzi alikuwa kijana mmoja wa darasa hilo hilo anaitwa Godlisten. Hapa ndipo Madam alipofanya kosa, na ni kosa ambalo lisingeweza kutokea mjini. Baba yake Godlisten ndiye mnadishaji wa kanisani.

Kwa wale wa Dar na pwani ambao hawalijui hili, niwaeleze kidogo. Huku kwa Walutheri, mtu asiye na pesa mkononi analeta sadaka ya alichonacho: mayai, papai, mkungu wa ndizi, jogoo. Ibada ikiisha watu wanasimama nje, vinanadiwa. Mmoja anataja, mwingine anaongeza, mwingine anaongeza, kwa vicheko vingi, mpaka papai moja linafika bei ya gunia. Sheria ni moja tu: unalipa hapo hapo mbele ya watu ndipo unabeba. Ukishindwa, kitu kinarudi kwa uliyempita, nawe unachekwa mpaka Jumapili inayofuata.

Hawa watoto hawajawahi kuona mkutano wa kampeni ukaisha vizuri. Mnada wameuona kila Jumapili tangu wakiwa mgongoni.

Sasa Godlisten alitakiwa tu kuwaita wagombea wajieleze. Akashika rula, akagonga dawati.

"Haya wapendwa! Tuna nafasi moja ya uwakilishi, nzuri, haina doa. Nani anaanza?"

Madam akafungua mdomo. Mimi nikamwonyesha ishara amwache. Mimi ndiye msimamizi bwana, na nilitaka kuona.

Elineema akasimama, sauti ndogo. "Mimi nikichaguliwa nitasimama mkutanoni niulize zamu yetu ya Jumatano ilienda wapi, na inarudi lini."

"Swali la Jumatano kwa Elineema!" rula ikagonga. "Wapendwa, swali tu hilo? Nani anaongeza?"

Brian akanyanyuka. "Mimi natoa bomba. La shule nzima."

"Bomba kwa Brian! Bomba hilo, linatiririka! Kuna zaidi?"

Msichana mmoja wa nyuma, ambaye hata hakuwa mgombea, akashindwa kuvumilia. "Bomba na uji wa maziwa!"

"Uji kwa dada Glory! Wenye maziwa mmesikia!"

"Bomba, uji, na viboko vifutwe!" Brian akapiga kelele.

Darasa likalipuka. Mtu mmoja akapanda juu ya benchi. Madam akawa anasoma ukuta.

Glory akajua amezidiwa. Lakini Brian alishapata moto, akawa anajiongeza mwenyewe. Lami mpaka getini. Basi la shule. Mwishoni akatoa uwanja wa ndege.

"Wa kutua nini?" akauliza mtoto mmoja wa mbele.

"Watalii."

Jibu likaonekana limetosha.

Wakuu, nimeshasimama kwenye viwanja vingi kusikiliza watu wazima wenye spika kubwa juu ya magari. Tofauti na pale ilikuwa moja tu: hawa watoto walikuwa wanapeana nafasi ya kuongea.

"Uwanja wa ndege mara ya kwanza! Mara ya pili! Hakuna mwingine? Imekwenda kwa Brian!"

Makofi, miluzi, madawati yanapigwa. Elineema alikuwa ameshakaa, anakunja pindo la sweta. Brian akaja mbele anatabasamu, amenyoosha mkono kunipa mimi, msimamizi, nimtangaze.

Godlisten hakumpisha. Akamzuia kwa rula.

"Lipa."

"Nilipe nini?"

"Ulivyotaja. Bomba, uji, viboko, lami, basi, uwanja."

"Nitalipa nikishachaguliwa!"

"Jogoo hatoki hujalipa," akasema Godlisten, bila hasira hata kidogo, kama mtu anayesema jua linatoka upande gani.

Na darasa zima, wale wale waliokuwa wanapiga miluzi, wakatulia wakisubiri alipe. Hakuna aliyeona ajabu. Kwao ndivyo vitu vinavyofanyika. Unataja, unalipa, unabeba.

Brian akanigeukia. "Mgeni, si nimeshinda?"

Niliwaza sheria zote za uchaguzi ninazozijua, ambazo ni sifuri. Nikamuuliza karani, "Asipolipa inakuwaje?"

"Inarudi kwa wa nyuma yake."

Ikarudi kwa Glory. Glory akasema ng'ombe ni wa mama na mama hajaulizwa. Wakacheka, akakaa. Ikarudi kwa Brian na bomba lake la mwanzo. Akapapasa mifuko, mtoto wa watu, kana kwamba bomba linaweza kuwa limo. Halimo.

Ikarudi kwa Elineema.

"Ulitaja swali," Godlisten akamwambia. "Lipa."

Akasimama. Nikaelewa kwamba alichokitaja yeye, kidogo kuliko vyote, ndicho peke yake kilichokuwa na bei ya kweli.

"Naomba kuuliza," akaanza. "Zamu ya shule ya Jumatano ilienda wapi, na inarudi lini?"

"Haijafika nyuma. Ongeza," akasema karani.

Akavuta pumzi, akarudia kwa sauti ambayo nadhani na yule mjusi wa mferejini aliisikia.

"Imelipwa!" Rula ikagonga, ikavunjika.

Nikamtangaza. Kura hatukupiga, na Madam akasema kitabuni haipo namna hiyo. Nikamwambia kitabuni na bomba halipo. Brian naye, nimpe haki yake, hakununa. Alikuna kichwa akasema, "Ni kweli, mimi sikuwa nalo." Halafu akaongeza kwa roho safi kabisa, "Lakini zamu si ipo? Jumatano maji yanakuwa kwa babu, kwenye kabichi."

Hakuna aliyeshtuka. Kijiji kizima kinajua. Ni swali tu lilikuwa halijapata mtu wa kulibeba.

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la kahawa, mabenchi yameazimwa kanisani. Darasa la tano wakasimama mlangoni. Mimi nikakaa ukutani na begi langu mgongoni, nikijaribu kufanana na gunia.

Mwenyekiti ni mzee mnene, mcheshi, anayeshika kipaza sauti kama mtu anayekula muwa. Ajenda zikasomwa. Miradi ikapongezwa, wakapongezwa waliopongeza. Alipofika mwisho, akasema upesi upesi, "Mengineyo hakuna, basi tumwombe mchungaji..."

"Yapo, Mwenyekiti."

Ni Madam Aneth. Amesimama, shingo imekaza. Mwalimu kijana, mke wa ukoo huo huo, amemkatisha mwenyekiti mbele ya kijiji. Sijui kama mnaelewa uzito wake. Mama mmoja pembeni yangu alinong'ona, "Huyu leo analala kwao."

Akamsogeza Elineema mbele. Mtoto akauliza swali lake. Lilifika nyuma.

Mwenyekiti akatabasamu tabasamu pana. "Mtoto ameuliza vizuri sana! Makofi kwake!" Makofi yakapigwa. "Hii ndiyo elimu tunayoitaka. Niseme tu kwamba suala hilo liko kwenye mchakato, na zamu ya shule itarudi. Serikali yenu ni sikivu. Mchungaji, karibu."

Wakuu, mchakato mnaufahamu. Ni mahali ambapo mambo hupelekwa kupumzika. Watu wazima wote ghalani walishaanza kutafuta kofia zao.

Elineema hakukaa.

Hakuwa mkaidi. Ni kwamba hakujua kuwa imekwisha. Asubuhi alifundishwa kuwa kitu hakijaisha mpaka kilipwe, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba mkutanoni ni tofauti. Akabaki amesimama, anasubiri, kama mtu aliyetoa noti dukani na hajapewa sukari.

"Kaa mwanangu, umejibiwa," Mwenyekiti akamwambia.

Ndipo kutoka mlangoni, siyo kwa kelele, ikatoka sauti ya Godlisten:

"Lipa."

Ghala lina bati juu na sakafu ya saruji. Neno likazunguka lote likarudi.

Halafu akacheka bibi mmoja wa benchi la mbele, mkavu, kanga mbili. Baadaye nikajua ndiye bibi yake Elineema. Akasema kwa sauti ya mnadani kabisa, "Mwenyekiti, umetaja, imekuangukia!"

Wakashika wengine. "Papai la Jumapili ulilipa tukiwa tunakuona, leo maji unakopa?" "Imekuangukia baba, lipa hapo hapo!" Wazee waliokuwa wamesinzia wakaamka na kuuliza ni nini kinanadiwa.

Mwenyekiti ucheshi ukamtoka. Akatafuta pa kuutupia mzigo, macho yakazunguka ghala, yakanikuta mimi.

"Na yule ni nani? Ameletwa na nani? Amejitambulisha kwa nani? Watoto wetu wanafundishwa uchochezi na watu wa kupita!"

Vichwa vyote vikageuka. Mgambo mmoja akasimama. Nilianza kupima umbali wa dirisha, wakuu, siwafichi. Mtu asiye na ukoo ni sifa asubuhi, jioni ni kesi.

"Nimemleta mimi," akasema Madam. "Alisimamia uchaguzi wa watoto."

"Kwa nini mgeni? Kijiji kizima hakina watu?"

"Kina watu, Mwenyekiti. Lakini wote ni ndugu zako."

Kicheko kilichotoka hapo, nadhani kilisikika mpaka Kikatiti. Yule mama aliyesema Madam atalala kwao ndiye aliyecheka kuliko wote. Mgambo akakaa, anacheka na yeye.

Mzee siyo mjinga, hajakaa kwenye kile kiti bure. Akanyanyua mkono. "Haya, haya. Jumatano ni ya shule. Nimesema."

"Na leo ni Jumatano," akasema Elineema.

Hakuwa anamkomoa. Alikuwa anataja siku.

Mchungaji akaombwa afupishe. Nadhani ni sala fupi kuliko zote zilizowahi kusaliwa eneo hilo. Watu wakapanda kwenye mgawanyo wa mfereji, na majembe yametoka sijui wapi. Mwenyekiti akasimama kando na simu sikioni, anaongea na mtu ambaye kwa maoni yangu hakuwepo. Na wa kwanza kuingia topeni kung'oa shina la mgomba alikuwa Brian. Alivua vile viatu vinavyong'aa, akaviweka vizuri juu ya nyasi, akashuka.

"Babu, hili zito, nisaidie!"

Babu akaangalia watu, akaangalia mjukuu. Akaweka simu mfukoni, akakunja suruali.

Maji ya kahawia yakaingia tawi la shule, yanasukuma majani na ile karatasi ya biskuti. Mjusi alishahama. Watoto wakaanza kukimbia pembeni ya mfereji wakishindana na maji, wanageuka kuyaangalia, wanakimbia tena, na Elineema alikuwa mbele kwa sababu leo hakuwa na kitu begani.

Msinielewe vibaya, sijasema nchi imebadilika. Wiki ijayo kabichi zinaweza kukata rufaa. Lakini nilisimama juu ya ngazi ya tangi nikasikia maji yanaingia, na sauti ile haina mchakato.

Jua likaanza kushuka. Mwenyekiti, tope mpaka magotini, akanikumbuka. Safari hii hakuwa na ukali, alikuwa anafuata utaratibu.

"Wewe mgeni, unalala kwa nani? Hapa mgeni halali bila mwenyeji."

Nilikuwa nimesahau kabisa kuwa sina nyumba. Kabla sijajibu, Godlisten akaokota fimbo ishike nafasi ya rula.

"Haya wapendwa! Tuna mgeni mmoja, ana begi, ana miguu yote miwili, anatoka Chuga, Arusha mjini! Nani anaanza?"

Ndugu zangu, nikanadiwa.

Mzee mmoja akaanza na banda la mbuzi. Akaulizwa kama mbuzi wamo. Wamo. Madam akatoa chai ya asubuhi lakini siyo kitanda, kwa sababu zinazoeleweka. Kuna aliyenitaja na kazi ya kupalilia humo humo, nikajifanya sijasikia.

"Stoo ya kahawa," akasema yule bibi wa kanga mbili. "Godoro lipo. Na ndizi za kupika na nyama."

"Stoo, godoro na ndizi kwa Bibi! Mara ya kwanza! Mara ya pili! Hakuna anayeongeza?"

Nilisali asitokee.

"Imekwenda kwa Bibi! Lipa hapo hapo!"

Bibi akafungua fundo la kanga, akatoa ufunguo, akaniwekea mkononi mbele ya kijiji chote.

"Haya mjukuu, beba begi lako. Na ukikoroma nakurudisha mnadani."

Basi wakuu, ndiyo niko hapa, chumba kinanukia magunia ya kahawa, naandika huku nasikia sufuria jikoni.

Nilichojifunza ni hiki, na nimekipata kwa watoto wa darasa la tano bila ada. Sisi watu wazima tunasikiliza nani ametaja kikubwa. Wale walisikiliza nani anaweza kulipa alichotaja, hata kikiwa kidogo, tena papo hapo. Mimi nikija kupiga kura tena, sitaki kuona ilani. Nitanyoosha mkono tu kama Godlisten.

Wenye wake walimu, wenye mifereji, na kama yupo mwenyekiti humu ndani, semeni yenu, nasoma yote. Tena nataka kujua: huko kwenu, neno "mchakato" linajibiwaje? Anayetaka kuniambia ni chai, aje mwenyewe aone tangi.

Netiweki huku inakatikakatika, nikichelewa kujibu nisameheni. Elineema amepita sasa hivi kuniambia chakula tayari. Dumu lake lenye kamba ya katani ameliegesha hapa mlangoni kwangu, limefunikwa kifudifudi, mdomo chini.

Kesho halina safari. Kesho kipindi cha kwanza ni hesabu.